Seva ya nyumbani haifikiki ukiwa nje: DMZ si dawa yake

Swali: Nina seva ya Linux nyumbani, anwani yake ni 192.168.1.20. Nikiwa nyumbani naingia kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali) bila shida, ila nikisafiri haipatikani, ingawa nimefungua poti 22 (mlango wa kupitishia SSH) kwenye ruta. Fundi amenishauri niiweke seva kwenye DMZ, yaani mpangilio wa ruta unaoielekezea kifaa kimoja maombi yote yatokayo nje, kisha nihamishie SSH kwenye poti 2222 ili wadukuzi wasiione. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Usiufuate, hata kwa kujaribu tu.

Kinachokukwamisha huenda hakimo nyumbani mwako. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani yake ya upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kutambua anwani za IP. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue mtoa huduma amekuweka nyuma ya ruta yake pamoja na wateja wengine, na ombi linalotoka nje hukwama kwake. Hapo DMZ haitasaidia lolote, kwa kuwa ni mpangilio wa ruta ambayo ombi halijaifikia. Zikilingana, hakikisha kwamba seva haijabadilishiwa anwani ya ndani tangu ulipofungua poti.

Ushauri wa poti 2222 nakutana nao kila mara, na unanikera kwa sababu humpa mtu utulivu asiostahili kuwa nao. Anwani zote za IPv4 ni takriban bilioni 4.3, na tangu 2013, ilipotolewa programu ya ZMap, kompyuta moja yenye intaneti ya kasi huweza kuzipitia zote kwa poti moja katika muda usiozidi saa moja. Isitoshe, SSH hujitambulisha yenyewe: mtu akigonga poti yoyote inayosikilizia, seva humtumia mstari unaoanza na SSH-2.0, ukifuatiwa na jina la programu na mara nyingi toleo lake, kabla hata ya kuulizwa nywila. Kuhama poti hupunguza kelele kwenye kumbukumbu za seva, basi.

DMZ ya ruta za nyumbani ni mbaya zaidi. Kila ombi lisilo na mahali pengine pa kwenda hupelekwa kwenye seva yako, iwe ni la hifadhidata, la kushirikiana mafaili au la ukurasa wa usimamizi uliokwisha kuusahau. Seva hiyo bado imo katika mtandao mmoja na simu na kompyuta za familia, kwa hiyo anayeiteka amekwisha kuingia ndani.

Njia ninayoipendekeza ni WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali), ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux. Hufunguliwa poti moja tu ya UDP, na asiye na ufunguo sahihi hajibiwi kitu. Ikiwa uko nyuma ya ruta ya mtoa huduma, kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha seva ya nyumbani ianzishe muunganisho kwenda huko na kuweka njia wazi kwa PersistentKeepalive ya sekunde 25, mpangilio wa WireGuard unaotuma ujumbe mdogo kila baada ya muda huo. Au tumia huduma ya Tailscale, inayokufanyia kazi hiyo. Kwenye SSH ruhusu funguo tu (mafaili ya siri yanayomtambulisha mtumiaji), uzime nywila.

Wako mafundi ambao kwao kazi imekwisha pale ukurasa unapofunguka, wala hawajiulizi ni nani mwingine anaufungua. Mwaka 2022, programu ya Deadbolt ilifunga mafaili ya watu waliokuwa wameacha vifaa vyao vya kuhifadhia mafaili vya kampuni ya QNAP wazi kwenye intaneti, ikadai fidia, na kampuni yenyewe ikawahimiza wateja wazime UPnP (mpangilio unaoruhusu vifaa vijifungulie poti kwenye ruta) na kufunga poti walizofungua kwenye ruta. Kwa hiyo yeyote aliyekwisha kuwekewa DMZ aizime leo, azime na UPnP, kisha akague kumbukumbu za seva, orodha ya watumiaji na faili la authorized_keys, lenye orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia kwa SSH. Akikuta ufunguo asioutambua, asihangaike kuisafisha seva: aiondoe mtandaoni, aisimike upya, na abadilishe kila nywila iliyowahi kuhifadhiwa humo.