Kobe anayejificha kila ukimsogelea

Pole, ndugu. Unasema una wiki tatu na kobe wako na kila ukimshika anavuta kichwa ndani ya gamba. Hajakuchukia, anaogopa tu. Mkono unaomjia kutoka juu, kwake ni kama mwewe.

Acha kumbeba kwa muda. Kaa chini karibu naye, saa ileile kila siku, umpe chakula kwa utulivu. Wangu alichukua karibu miezi miwili kunizoea. Siku moja akanyoosha shingo, akanusa kidole changu, kisha akang'ata jani nililoshika. Nilifurahi mno!

Ukilazimika kumwinua, tumia mikono miwili, ukishika ubavuni kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Usimpandishe juu, maana akianguka gamba linaweza kupasuka. Na gamba lina hisia, usiligonge-gonge.

Nawa kwa sabuni kila ukimaliza: kobe huweza kubeba salmonela (bakteria wanaoumiza tumbo) hata akiwa mzima, kwa hiyo watoto wa chini ya miaka 5 wasimshike kabisa. Ila kama hali chakula, macho yamevimba au anatoa mapovu puani, huo si woga tena. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.