Kifungo cha nyumbani: ni haki au ni upendeleo?

Dada yangu, umeuliza iwapo ni haki mwanao aliyeko Marekani apewe kifungo cha nyumbani, akiwa amefungwa bangili ya kielektroniki mguuni, ilhali wenzake wenye kosa kama lake wamepelekwa jela.

Mimi naona adhabu yenyewe ni ya haki, kwa kuwa mtu asiye hatari kwa jamii huweza kuendelea kufanya kazi, kulea watoto na kumlipa aliyemkosea. Dhuluma huingia kwenye malipo. Katika majimbo mengi mvaaji hutozwa ada ya bangili hiyo, tena hutakiwa awe na makazi na umeme wa kuichaji, hivyo maskini asiye na nyumba hukosa nafasi hiyo hata kama kosa lake ni dogo. Jambo hilo linaniuma sana.

Kabla mwanao hajakubali, amwombe wakili wake aieleze mahakama kipato chake na kuomba ada ipunguzwe au ifutwe. Katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia ya mwaka 1983, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliyeachwa nje chini ya uangalizi wa mahakama badala ya kufungwa asipelekwe gerezani kwa kushindwa tu kulipa faini, bila kuchunguzwa kwanza kama alikuwa na uwezo. Saa za kwenda kazini, hospitalini na kwenye ibada ziandikwe katika amri yenyewe, zisiachwe kwenye ahadi ya mdomo. Aulize pia kama siku atakazokaa nyumbani zitahesabiwa iwapo baadaye atafungwa jela, kwani si kila mahali huhesabiwa.