Silver Eagle au sarafu za ukumbusho? Jibu kwa mwenye dola 500

Mkuu umesema uko Ohio, una dola 500 umezitenga, hujui uanze na Silver Eagle, ile sarafu ya silva ya serikali ya Marekani, au zile sarafu za ukumbusho zenye boksi la velveti na cheti. Ngoja nikwambie yaliyonikuta, maana hizi sarafu nazipenda sana na sitaki uumie nilipoumia mimi.

Sarafu yangu ya kwanza ilikuwa dola ya silva ya Olimpiki ya Los Angeles 1984, niliiona kwenye tangazo la tivii nikalipa karibu mara tatu ya thamani ya silva iliyomo. Siku nimebanwa na kodi nikaipeleka duka la sarafu, mzee wa pale boksi akaliweka pembeni akapima sarafu tu, gramu 26.73, silva asilimia 90, yaani robo tatu ya wakia na ushee (wakia ya madini ni kama gramu 31.1), akanilipa bei ya madini basi. Nikamuuliza na cheti je? Akanionyesha droo, zimejaa kama yangu. Zilitengenezwa nyingi mno na kila aliyenunua aliitunza kwenye boksi lake vilevile, sasa itaadimika vipi?

Kwa hiyo kama lengo ni akiba nunua Silver Eagle za kawaida. Zipo tangu 1986, wakia moja kamili, silva sehemu 999 kwa 1000, kila duka linazijua, siku ya kuuza huanzi kujieleza. Hiyo dola 1 iliyoandikwa juu usiihesabu. Ila uliza kabisa wanauza dola ngapi juu ya bei ya silva ya siku hiyo na wao wananunua kwa ngapi, hapo ndipo hela inapopotelea. Nunua na mizani ndogo uhakikishe uzito, pima na kipenyo cha sarafu, ni milimita 40.6, na ikishika sumaku rudisha hapohapo.

Dhahabu kwa dola 500 bado, vile vidogo vya sehemu ya kumi ya wakia kila gramu unailipia ghali zaidi. Ukifika huko usishtuke kusikia Gold Eagle ni karati 22, sisi tuliozoea sonara tunadhani tumepunjwa kumbe sarafu nzima ina gramu 33.93, dhahabu wakia yako imetimia, iliyozidi ni silva na shaba ya kuipa ugumu. Ya karati 24 ni Buffalo, ilianza 2006, laini, inakwaruzika upesi.

Na tafadhali USISAFISHE sarafu. Nilikuwa na Morgan, dola ya silva ya zamani ya Marekani, ya 1881 ya kiwanda cha San Francisco, ina weusi kidogo pembeni, nikaisugua na dawa ya meno, ule mng'ao iliyotoka nao kiwandani ukaondoka na haurudi tena, mpaka leo inaniuma.

Ukumbusho nao usiuache kabisa. Tafuta nusu dola ya Columbus ya 1892 au 1893, ndiyo ya kwanza ya ukumbusho Marekani, ya maonyesho ya Chicago. Waliiuza dola nzima, nyingi zikabaki, zikaachiwa mtaani watu wakanunulia mahitaji yao ya kawaida. Zilizochakaa hazizidi sana bei ya silva. Yangu meli ya nyuma imelika milingoti kwa kushikwashikwa, na hiyo siiuzi hata kodi ikinibana tena.