Bonneville ya 1968 inayovuja oili hata baada ya kubadilishwa gasketi

Ndugu, kwa kuwa umeshabadilisha gasketi za pikipiki yako ya Triumph Bonneville ya 1968 na oili bado inatoka kwenye viungio, ningeshuku upumuaji wa injini. Pistoni zake mbili hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kila zinaposhuka husukuma hewa ya takriban sentimita 650 za ujazo ndani ya kasha la krenki, yaani sehemu ya chini ya injini, na hewa hiyo isipopata njia hupenya kwenye sili ikitoka na oili.

Njia iliyowekwa kiwandani ni diski ndogo inayozungushwa na ncha ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya upande wa kuingiza. Hufunguka kwa wakati wake, lakini tundu lake ni jembamba. Mwaka 1970 Triumph waliiacha, wakapitisha hewa kwenye kasha la cheni ya klachi: njia ikapanuka, ila klachi ikawa inaoga oili ya injini pamoja na uchafu wake, jambo ambalo binafsi naliona ni bei nafuu.

Kabla ya kutoboa injini ili kuipa njia pana zaidi ya hewa, acha pikipiki ilale siku kadhaa, kisha fungua plagi ya chini ya injini. Ikimwagika oili nyingi, inapenya kupitia pampu kutoka kwenye tangi la oili, na hakuna bomba la kupumulia litakaloizuia. Ikitoka kidogo tu, pima mgandamizo wa silinda, maana ringi za pistoni zilizochakaa hupitisha moshi mwingi kuliko uwezo wa tundu lolote.