Maswali ya Wasomaji: Kumpokea mtoto katika kisiwa cha kubuni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika riwaya kuhusu watu wa kisiwa cha kubuni. Katika sura ya tatu anazaliwa mtoto, nami nimeweka ngoma, ubani na mzee anayenena na mizimu, lakini waliousoma mswada wanasema sherehe hiyo haiwagusi. Nifanye nini ili mila hiyo iaminike?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujaongeza ngoma nyingine, jiulize watu wako wanaamini mtoto huyu ametoka wapi, kwa sababu mila ya kumpokea mtoto huota kutoka katika imani hiyo. Wahindu wa Bali, nchini Indonesia, humwona mtoto mchanga kuwa ni mzee wa ukoo aliyerejea na ambaye angali karibu na miungu. Ndiyo maana kwa desturi hubebwa bila kugusa ardhi hadi ibada ya siku ya 105, yaani miezi mitatu ya siku 35 kwa kalenda yao. Waakan wa Ghana humhesabu kuwa mgeni anayeweza kurudi alikotoka, hivyo humpa jina siku ya nane, wakimdondoshea ulimini maji na kisha kileo, ili akue akiyaita maji maji na kileo kileo.

Kwenu Tanga bila shaka umeshuhudia mtoto akiadhiniwa sikioni, kisha akika ya siku ya saba, nywele zikinyolewa na fedha ya uzito wa nywele hizo ikitolewa sadaka. Tazama wembe unavyopita taratibu kando ya utosi unaopwita, na shangazi aliyekishika kichwa akiwa amebana pumzi. Hicho ndicho ninachokikosa katika maelezo ya sherehe yako: hofu. Siku hizi za kungoja zilishika mizizi mahali ambapo watoto wengi walikufa wangali wachanga, na furaha iliyozuiliwa kwa siku saba au nane ina uzito ambao ngoma ya siku ya kwanza haiwezi kuuleta.

Tuseme watu wako wanaamini kwamba watoto hutoka baharini. Je, mtoto ataogeshwa kwa maji ya chumvi au ya kisima, na akizaliwa maji yakiwa yamekupwa, nani atathubutu kumpokea? Mpe bibi yake kazi hiyo, na mama mdogo asiyeamini awepo akitazama. Msomaji ataielewa imani kupitia mikono yao bila wewe kuieleza. Nakusihi pia usichukue dua za watu halisi ukazitia vinywani mwa watu wako wa kubuni, kwani dua hizo zina wenyewe wanaoziomba hadi leo. Ngoma usizifute, ila zihamishie siku ile mtoto atakapotolewa nje.