Uliza Mzee wa Gereji: Land Rover ya babu ni ya mwaka gani, na nani kasema?

Kamwene watu wa Iringa, ugonile wa Rungwe, na wengine wote habari za baridi. Meseji za mwezi huu nyingi zinafanana, mtu ana gari la zamani, kaingia mtandaoni kutafuta habari zake, kakutana na majibu manne na hakuna mawili yanayoelewana. Nimechagua nne, zingine ntajibu mwezi ujao Mungu akipenda.

Shikamoo mzee. Niko Mbalizi. Babu katuachia Land Rover 109 (ndo inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) ya petroli, aliinunua kwa wamisheni. Kadi inasema 1974. Mtandao mmoja nikiingiza namba ya chasisi unaniambia namba sio sahihi, mwingine unasema 109 zilianza 1954, na fundi mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya kasema hii ni Series III kwa sababu taa ziko kwenye madigadi. Nataka niiandikie historia yake niiweke mtandaoni na picha. Nimfuate nani? Namba inaanza na 252 inaishia na herufi D.

Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa babu. Usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Namba yenyewe ushaishika mkononi afu unaenda kuuliza watu!

Tuanze na ule mtandao uliokukatalia. Zile programu za kusoma namba zinataka tarakimu na herufi 17, na mtindo huo wa 17 ulikuja kuwa sheria Marekani kwa magari ya kuanzia 1981, kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Land Rover ya enzi za babu yako ina tarakimu nane na herufi moja mwisho, basi, sasa programu ikiona tisa inasema umekosea wakati yenyewe ndo haijui.

Zile tatu za mwanzo ndo habari yote. 251, 252 na 253 ni Series IIA, toleo lililotangulia Series III, 109 ya petroli yenye usukani kulia: 251 ilikuwa ya kuuzwa Uingereza kwenyewe, 252 ya kupelekwa nje ikiwa nzima, 253 ilisafirishwa vipande vipande ikaja kuunganishwa huku. Ya babu ni 252, ilipanda meli ikiwa gari kamili. Ingekuwa Series III ya aina hiyohiyo ungeona 912. Series IIA zilitengenezwa 1961 mpaka 1971, kwa hiyo 1974 ya kwenye kadi haiwezi kuwa mwaka wa kutengenezwa, huo ni mwaka wa kitu kingine, mara nyingi gari likibadili mikono au likisajiliwa upya karani anaandika mwaka anaouona mbele yake. Na hiyo 1954 ya mtandaoni haipo kabisa, mwaka huo zilikuwa za inchi 86 na 107, 109 ilikuja mwishoni mwa 1956. Herufi D sio mwaka, ni alama ya kiwanda kwamba kuna mabadiliko yamefanyika ili fundi asiagize spea isiyoingia. Kuna watu wameandika mtandaoni A ni mwaka huu, B mwaka ule, wengine wakanakili, sasa hivi imeshakuwa kama aya ya msahafu.

Fundi wa Soweto namuelewa ila kakosea. Taa zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960, IIA zikiwa bado zinatoka. Na hata zisingehama, bodi ya Land Rover ni bati za aluminiamu zimefungwa kwa bolti, mtu anachomoa digadi ya hii anafunga kwenye ile kabla chai haijapoa. Huku kwetu kuna Land Rover ni tatu ndani ya moja. Dashibodi kidogo inasaidia, kwenye IIA geji ziko katikati, kwenye III ziko mbele ya dereva, na shoo ya mbele ya IIA ni wavu wa chuma (kama bado upo, maana nyavu nyingi zimeishia kuchomea nyama), ya III ni plastiki. Lakini hizo ni dalili tu, ushahidi ni namba.

Sasa namba yenyewe umeisoma wapi, kwenye kadi au kwenye chuma? Nenda kwenye chuma. Iko kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi ya mbele kulia, nyuma ya bampa. Osha na dizeli na brashi, kausha, paka chaki afu futa kwa kiganja, mulika tochi kutoka ubavuni sio usoni, piga picha. Tafadhali usiguse grainda. Nimeona kijana Mwanjelwa kasafisha kutu na grainda, kutu imetoka na namba imetoka, gari halina jina mpaka leo. Ukipata picha hiyo linganisha na kibati cha ndani na kadi, zikitofautiana andika zote tatu ulivyozikuta, usizirekebishe zifanane. Na usihangaike kwamba namba ya injini haifanani na ya chasisi, hazikuwahi kufanana, injini ilikuwa na mfululizo wake.

Ukitaka siku kamili iliyotoka kiwandani, makumbusho ya British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, wanazo leja za kiwanda na wanatoa cheti kwa malipo, kinaonesha siku ya kutengenezwa, rangi ya mwanzo na ilikopelekwa. Kwa hiyo kwenye maelezo yako weka kwanza namba inavyosema, na picha, afu pembeni andika "babu alisema aliinunua kwa wamisheni", hivyohivyo, kwamba babu alisema. Usiandike "ilikuwa gari ya askofu" kwa sababu tu inapendeza, mwakani utaikuta mtandaoni imeandikwa na mwingine na wewe mwenyewe utaiamini.

Mzee, hapa Makambako tulibishana stendi mpaka chai ikamwagika. Mjomba wangu anasema kuna dereva wa Dar alichukua Safari Rally mara mbili na Peugeot 404. Jamaa mwingine akatoa simu akatuonesha imeandikwa ilikuwa 504, mwaka 1967. Nani kashinda soda?

Mjomba apewe soda yake, na ya pili juu. Ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na msaidizi wake Chris Rothwell, walishinda 1966 na 1967, gari Peugeot 404. Ila mi sitaki uniamini kwa sababu nimeandika gazetini, angalia njia: Peugeot 504 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Septemba 1968. Gari halijazaliwa litashindaje mashindano ya Pasaka ya 1967? Hapo huhitaji hata kujua mambo ya rally. Ukikuta madai ya gari la zamani, kitu cha kwanza tafuta siku ya kuzaliwa ya hilo gari na uweke jirani na tukio, nusu ya uongo unakufa hapohapo. Hata ushindi wa 1968 wa Nick Nowicki na Paddy Cliff ulikuwa wa 404. Ya 504 ulikuja 1975 na Ove Andersson. Nadhani aliyeandika alikumbuka zile 504 zilizojaa barabarani kwetu baadaye zikibeba abiria tisa na mkungu wa ndizi, kichwani mwake Peugeot ni 504 tu.

Jamaa wa simu atasema kaiona kwenye mitandao mitano. Mwambie afungue yote mitano asome sentensi kwa sentensi, akikuta zinafanana mpaka koma ilipokosewa basi huyo ni shahidi mmoja kavaa makoti matano.

Za leo fundi. Mafinga hapa, nina Land Rover injini ya 2.25 petroli. Fundi wangu anaweka tapeti kumi. Mtandaoni nimekuta 0.25. Nimwamini nani, injini inapiga kelele?

Wote wawili wako sawa. Kumi ya fundi ni nafasi ya tapeti, ule uwazi kati ya roka na vali, inchi 0.010, na hiyo ukiigeuza ni milimita 0.25. Kitabu cha kiwanda kinasema hivyo. Kelele itakuwa fila geji yake (kile kibati chembamba cha kupimia uwazi) imelika au roka zimechimbika, mwambie aangalie.

Ila umenikumbusha vipimo, maana vinaua injini. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.55, ya Kimarekani 3.79, na painti vilevile. Ukisoma oili painti 11 kwenye maelezo yaliyoandikwa na Mmarekani na wewe usijue ni painti ya nani, unaweza kupungukiwa zaidi ya lita nzima, afu ipandishe mlima Kitonga na mzigo uone. Na nyaya ndo usiseme: IIA za mwanzo betri imefungwa chanya kwenye bodi, zikageuzwa kuwa hasi mnamo 1967. Mi mwenyewe nilifuata mchoro mzuri wa rangi niliouona mtandaoni, mchoro ni sahihi kabisa, wa gari lingine, redio ya marehemu kaka yangu ikatoa moshi mweupe na mimi nikatoka nje kuvuta hewa. Ukihifadhi mchoro wowote andika juu yake ni wa gari la mwaka gani. Bila hivyo unamtegea mwenzio.

Shikamoo baba. Mimi ni dada niko Tukuyu. Baba yetu aliendesha malori barabara ya kwenda Zambia, ameacha sanduku la picha, kitabu cha lori la Bedford chenye mafuta mafuta na daftari lake la matengenezo. Kuna ukurasa wa mtu ulikuwa na historia nzuri ya yale malori, nimeutafuta juzi haupo. Naogopa na hivi vitapotea. Nifanyeje? Nyuma ya picha moja ameandika "mafuta Zambia 1964".

Marahaba mwanangu. Daftari ndo dhahabu, kuliko kitabu. Kitabu cha Bedford kilichapwa kwa wingi, mahali fulani kipo kingine, daftari la baba liko moja duniani, kwa hiyo anza nalo. Litoe kwenye hilo sanduku leo, mvua ya Tukuyu unaijua, karatasi ikikaa chini inaota ukungu. Weka juu, pakavu, na usilipeleke kwa yule wa steshenari akalipigia plastiki, ikishaganda hairudi.

Piga picha kila ukurasa mchana karibu na dirisha, bila fleshi, simu iwe sawa juu ya karatasi, na zile tupu zenye alama ya kidole cha oili usiziruke. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp tuma kama faili, ukituma kama picha inabanwa na maandishi ya penseli yanakufa. Weka kwenye simu, kwenye fleshi diski ya nduguyo anayekaa mji mwingine, na kwenye akaunti ya mtandaoni. Jina la picha liwe linasomeka, mwaka na mahali na gari, sio IMG na namba kumi.

Huo ukurasa uliopotea, kama anwani yake bado unayo, ibandike kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ndugu hawa wanahifadhi kurasa tangu 1996 na wanaweza kuwa waliupiga picha kabla haujazimwa. Na kurasa unazozipenda zilizo hai uwape wazihifadhi leo, kuna kitufe, ni bure. Ukiweka vya baba mtandaoni funika majina na anwani kwenye kadi ya gari, na kitabu cha Bedford usikipandishe kizima, haki yake sio yetu.

Kuhusu "1964". Usiifute, mwandiko wa baba ubaki. Lakini msururu wa malori ya mafuta kwenda Zambia ulianza baada ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru Novemba 11, 1965, njia ya kusini ikafungwa, na ukapungua bomba la mafuta la TAZAMA, la Dar mpaka Zambia, lilipoanza kazi 1968. Huenda baba aliandika nyuma ya picha miaka mingi baadaye, au lile lilikuwa pipa mbili tatu za mtu binafsi. Tafuta kwenye daftari safari ya kwanza ya Zambia ni tarehe ngapi afu uniandikie, na kama lile Bedford kwenye picha namba zake zinasomeka nitumie na hiyo, kama faili.