Kabla hujanunua mbolea ya kupandia, ujue udongo wako

Masika yangu ya kwanza Muheza nilimaliza mfuko mzima wa DAP, mbolea ya kupandia yenye fosfeti, kwa kuirusha juu ya ardhi, mahindi yakiwa na wiki nne. Majani yalikuwa yameanza kuwa ya zambarau pembeni, nami nikajua hiyo ni njaa ya fosfeti. Hapo sikukosea. Mzee jirani alisimama mpakani, kaegemea jembe, akanitazama weee, kisha akasema: "Mwanangu, hiyo umewatilia kuku." Kugeuka, kuku wake kweli wanadonoa.

Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho. Urea ukiirusha, mvua huishusha hadi mizizini. Fosfeti haitembei, inakaa pale pale ulipoiweka. Tena udongo wetu mwekundu, wenye chuma na aluminiamu nyingi, huikamata upesi mmea usiipate.

Asili ya mbolea hii ni jiwe. Huchimbwa, husagwa, kisha humwagiwa tindikali ya salfa, ikapatikana superfosfeti ya kawaida. John Bennet Lawes wa Uingereza alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1842. Tindikali ya salfa ikiwa nyingi zaidi, jiwe hutoa tindikali ya fosfori. Hiyo ukiirudisha kwenye jiwe jingine unapata TSP, ukiichanganya na amonia unapata DAP. Kote huko tindikali ina kazi moja: kulilegeza jiwe ili fosfeti iyeyuke kwenye maji.

Sasa tuna jiwe letu wenyewe, la Minjingu kule Manyara. Likisagwa tu bila kupitia kiwandani kwenye tindikali, kazi ya kulilegeza unauachia udongo. Udongo wenye uchachu utaifanya, taratibu. Usio na uchachu hautaifanya.

Mimi hilo nililisikia nusu. Unga wa jiwe ulinikubali vizuri shambani kwangu chini ya milima ya Amani, basi nikamshauri shemeji yangu wa Tongoni naye anunue. Shamba lake liko juu ya matumbawe, ardhi imejaa chokaa. Msimu ule hakuvuna cha maana, na mpaka leo nikifika kwake ananikaribisha kwa "Karibu, mtaalamu." Lawama ni yangu, si ya jiwe.

Kwa hiyo pima kwanza. Sisi wa Tanga hatuna kisingizio, kituo cha utafiti cha Mlingano kipo Muheza na udongo ndiyo kazi yake. Chota sehemu kumi au zaidi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, kausha kivulini, peleka nusu kilo hivi. Usichote palipokuwa zizi wala ulipochomea takataka, utajidanganya. Kipimo cha uchachu (pH) kikiwa chini ya 5.5, yaani udongo una uchachu mwingi, unga wa jiwe una nafasi, nawe ulizie na chokaa ya kilimo. Kikikaribia 7 au kupita, yaani uchachu umekwisha, nunua DAP au TSP.

Kipimo chetu kwa kila shimo ni kizibo cha soda, kama gramu 5 za DAP. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, yaani kilo 45. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Weka mbolea, fukia kwa udongo vidole viwili hivi, ndipo udondoshe mbegu. Usiruke hatua ya kufukia: amonia ya DAP huunguza mbegu, utabaki kumlaumu muuza pembejeo bure. Ukiwa na samadi iliyooza, tia konzi moja humo humo. Hupunguza ule ukamataji wa udongo mwekundu.

Mfuko ukibaki, ufunge mdomo kwa kamba na uuweke juu ya mbao. Unyevu wa Tanga hugeuza punje kuwa mabonge, na bonge halipimiki kwa kizibo.